Haski Apewa Mapumziko

Baridi ilizidi huko kaskazini hata ukitema mate yanaganda kabla hayajafika chini. Anayebisha akateme mwenyewe. Ziwa likawa barafu tupu, na samaki walibaki kwenye ghala moja tu, mbali, ng'ambo ya pili. Mbwa watatu wakajifunga kamba, wakawa wanawaleta nyumbani kwa sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji.

Malamuti alikuwa bonge la mbwa, kifua kama mlango, maneno hana. Samoyedi, mama wa watoto wanne, mweupe pe, tabasamu halimtoki hata umkanyage mkia. Wa tatu ndiye Haski: macho ya bluu, mbio nyingi, na mdomo unaozishinda mbio.

Desturi yao ilikuwa moja: aliyevuta zaidi huchagua fungu la kwanza. Haski akagundua kwamba kamba ukiikaza kwa kuvutia nyuma kidogo tu, anayetazama ataapa unavuta. Basi njia nzima alibweka kuhusu kiuno, mgongo, misuli. Wakifika, anajichagulia samaki wanono. Watoto wa Samoyedi wakabaki kulamba mifupa, mpaka kitindamimba akawa hawezi kusimama.

Safari iliyofuata, hata hawajatoka ghalani, Haski akaanza kulia kiuno. Samoyedi akamwambia kwa tabasamu lilelile, "Kaka, umejiumiza vya kutosha. Leo panda juu ukae na samaki, sisi tutajikongoja."

Haski hakungoja kubembelezwa. Akaruka juu, akajikunja, akawa anawakosoa wanavyovuta.

Sleji ikaondoka. Baada ya mwendo kidogo Malamuti akageuza kichwa.

"Dada, mbona leo nyepesi kuliko jana?"

"Jana tulikuwa watatu."

"Ndiyo maana nashangaa."

Huko juu Haski akadai eti barafu ya leo inateleza vizuri.

Nyumbani akashuka, akatanguliza pua kwenye fungu la kwanza. Malamuti akaweka guu lake juu ya samaki.

"Bwana mkubwa, leo ulikuwa nani safarini?"

"Nilikuwa napumzika."

"Ulipakiwa. Umewahi kuona mzigo ukichagua samaki?"

Watoto wa Samoyedi, waliopewa fungu la kwanza, wakacheka midomo imejaa, na kitindamimba alicheka akiwa amesimama.

Tangu siku hiyo Haski hufungwa mbele kabisa, Malamuti nyuma yake, meno karibu na mkia. Anavuta, tena kimyakimya. Na wewe unayelia sana kazini, siku ukipewa mapumziko bila kuomba, shtuka.