Mhamisha Nyumba Aliyeitunza Kamba

Ndugu zangu, palikuwa na mtu mmoja katika mji wa milimani, ambaye kazi yake ilikuwa kuhamisha watu. Ukipata nyumba mpya unamwita, naye anakuja na lori na wapagazi, anavichukua vyombo vyako kutoka mlango huu hadi mlango ule. Alikuwa mcha Mungu. Tena alikuwa na jambo moja lililompambanua na wenzake wote wa kazi ile: hakuvumilia kitu kitupwe.

Mnaijua siku ya kuhama. Mnajua kinachobaki uani lori likishaondoka: maboksi yaliyoloa, nailoni, godoro lililotoboka, kiti cha miguu mitatu. Vyote huishia korongoni, na korongo humwaga mtoni, na maji ya mto huo ndiyo tunayowapa watoto wetu. Mtu yule aliliona hilo, likamchoma moyo. Akaacha maboksi, akachonga kreti za mbao zinazokwenda na kurudi. Akaacha nailoni, akafunga sahani na vioo kwa mablanketi makuukuu. Na vile ambavyo wenye nyumba walivikataa alivipeleka kwenye karakana yake. Vikapigwa randa, vikatiwa gundi, vikapewa familia ambazo hazikuwa na hata kigoda cha kumkaribishia mgeni. Aliwaambia wapagazi wake, "Bwana aliwashibisha maelfu, kisha akaagiza makombo yakusanywe. Nasi ni nani hata tutupe?"

Je, alikosea? Hakukosea. Dunia na vyote viijazavyo vina Mwenyewe, nasi ndani yake tu wapangaji. Na mpangaji mwema haondoki akamwachia mwenye nyumba uchafu. Laiti wote wenye malori wangekuwa kama yeye! Nayasema haya mapema, asije mtu akatoka hapa akisema mchungaji amekejeli kazi njema. Kazi ilikuwa njema.

Sasa, miongoni mwa wapagazi wake alikuwamo mmoja aliyemtumikia miaka kumi na minane. Huyu ndiye aliyejua kufungua kitanda bila kuumiza kiungo. Ndiye aliyeandika namba kwa chaki nyuma ya kila kipande, ili kila kipande kirudi mahali pake. Kabati likikwama mlangoni wenzake walisimama kando, wakamwacha alitazame kwa kitambo, kisha aseme, "Lilazeni ubavu. Kichwa kwanza." Nalo likapita.

Siku moja, jokofu likiwa begani mwake na ghorofa ya tatu ikiwa bado juu, mgongo wake ulikataa. Wenzake wakalipokea jokofu. Yeye akaketi ngazini, jasho likimtiririka.

"Mzee, umehamia hapo?" akauliza mmoja.

"Leteni blanketi tumfunge," akadakia mwingine, "asije akavunjika kabla ya kufika!"

Wakacheka. Yeye alikuwa bado akitafuta pumzi.

Baada ya majuma mawili akarudi kazini, mkono mmoja kiunoni. Bosi wake akampokea vizuri, akamvutia kiti, akamwambia, "Pole sana, mzee wangu. Lakini kazi yetu ni ya mgongo, na wa kwako umekwisha."

"Kubeba siwezi, bosi, hilo ni kweli. Lakini kufungua naweza. Namba naweza kuandika. Nisimamishe mlangoni tu, niwaelekeze hawa vijana. Nina watoto watatu shuleni, na mama yao ndiye huyo unayemjua, hajiwezi."

"Wa kusimama mlangoni? Lori lina nafasi ya watu sita, na kila mmoja sharti abebe. Nitakuombea, mzee. Kweli nitakuombea."

Mpagazi akainamisha kichwa. Kisha akatoa begani kamba ya katani aliyoitumia kufungia mizigo, akaiweka mezani. "Hii ni ya kazini. Imelika hapa katikati, haifai tena. Itupe tu."

"Niitupe?" Bosi akaichukua, akaivuta kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hapana, mzee! Hapa palipolika tutapakata, tuunge hizi ncha mbili. Kamba hii ina miaka mingi bado."

Akainuka, akaitundika msumarini kwa uangalifu. Alipogeuka, mzee alikuwa ameshatoka.

Mmeyasikia hayo, wapendwa? Kamba iliyolika katikati ilipewa msumari wake ukutani. Mtu aliyeumia mgongo alipewa maombi na njia ya kutokea. Na yule bosi hakuona tofauti yoyote! Alilala usingizi mwema usiku ule, maana alikuwa ameokoa kamba.

Siku ya tatu wakaitwa kumhamisha mjane mmoja. Alikuwa ameuza nyumba yake, anahamia chumba kimoja cha kupanga. Akawaambia wapagazi, "Wanangu, hivi vingine chukueni muwape watu, nimeambiwa mnafanya hivyo. Mimi nakwenda na kabati hili tu. Ni la mama yangu." Lilikuwa kabati la mninga, kubwa, zito kama dhambi ya zamani.

Wakalifikisha, na mlango wa kile chumba ukalikataa.

"Lilaze!"

"Si hivyo, inua huku!"

"Wewe sukuma, acha maneno!"

Hapakuwa na mtu wa kuwaambia wasubiri. Hapakuwa na mtu wa kupapasa pembe zake kwa vidole na kugundua kwamba kabati lile lilishikwa kwa vigingi vya mbao, na ukivitoa vinne tu, lote linafunguka kama kitabu. Wakasukuma. Likapasuka toka juu hata chini.  Mjane akaokota kipande cha mlango wa kabati, akakikumbatia, akakaa nacho sakafuni.

Bosi alipoletewa habari, akaja, akaona. Kisha akaenda mbio hadi nyumbani kwa yule mpagazi, akamkuta barazani akichambua maharage.

"Mzee, inuka twende. Nakuhitaji."

Mpagazi akamtazama. "Wamevunja nini?"

"Kabati. La mjane mmoja."

"La vigingi?"

"La vigingi."

Mzee akaendelea kuchambua maharage mawili, matatu, kisha akauweka ungo chini. "Bosi, juzi nilikuja kwako kwa miguu yangu, hukuniona. Leo umetumwa na kabati, ndipo umeijua njia ya kwangu."



Mzee akashika ukuta, akasimama polepole. "Nitakwenda kwa yule mama, maana yeye hakunikosea. Leteni gundi na chaki, na vijana waje waone, wajifunze. Kabati litasimama tena. Lakini la kwangu na wewe, bosi, hilo halina gundi."

Ndugu zangu, simulizi yangu imefika hapo. Mnataka kujua kama walipatana? Nami nataka kujua, maana bosi yule ni mimi, na ni wewe uliyeketi mbele yangu. Sisi ndio tuliopanda miche kuzunguka kanisa hili. Sisi ndio tunaokusanya chupa za plastiki kila Jumamosi, na tunafanya vema, tusiache. Lakini yuko wapi mwalimu wa kwaya aliyeanza kusahau maneno ya nyimbo? Yuko wapi yule dada aliyewalea watoto wako wote, ukamrudisha kwao alipoanza kukohoa? Mwalimu wa ubatizo aliyepofuka macho, ni nani anayemfikia? Mungu tunayemwabudu hauvunji mwanzi uliopondeka, wala hauzimi utambi unaotoa moshi. Je, watumishi wake ndio wauvunje, huku wakijisifu kwamba wameokota makopo?

Najua mioyo yenu. Hakuna hapa aliyekusudia ukatili. Tulikuwa na haraka, lori lilikuwa limejaa, tukaahidi kuomba. Na rehema ya Bwana ingalipo. Kwa hiyo sileti hukumu leo, naleta kazi ya kufanya. Kila mmoja wetu analo jina moja linalomgonga kifuani hivi sasa. Usilifukuze. Ibada ikimalizika, kabla ya chakula, nenda kwa mtu huyo. Usiende na shida mkononi, wala usingoje hadi kitu chako kivunjike. Nenda leo, siku ambayo huna haja naye yoyote, ukamwambie kwamba umekuja kwa ajili yake tu.