Mama Aliyekalia Mabeseni

Wapendwa, habari za mfinyanzi mmezisikia hapa mpaka baadhi yenu mnaweza kunihubiria mimi. Leo uacheni udongo. Twendeni kiwandani, kule yanakotoka mabeseni mnayofulia.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekulia kwenye ufinyanzi. Vyungu vilipokosa wanunuzi, akaomba kazi kwenye kiwanda cha plastiki, akapewa mashine aiendeshe kwa majaribio. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anamimina punje za plastiki juu ya mashine, mashine inaziyeyusha kuwa uji, inausukuma ule uji ndani ya kalibu, lile chuma lenye umbo la beseni, kisha yeye anafungua mlango na kutoa beseni la kijani, lingali la moto. Jamani, alivyoipenda kazi hiyo. Alikuwa anaimba huku anapanga.

Lakini mashine nazo zina siku zake. Asubuhi moja joto lilikataa kukaa sawa, mabeseni yakawa yanatoka na ukingo nusu, mengine yana tundu katikati. Mama akaingiwa na hofu. Huko alikotoka, chungu kikishachomwa kikapata ufa, hakirudi tena kuwa udongo, ni cha kutupa. Akajiona ameshafukuzwa, amerudi kukaa na vyungu visivyonunuliwa. Mnajua alifanya nini? Kila beseni bovu alilipeleka nyuma ya mashine, akalifunika kwa magunia matupu. Rundo likakua. Saa ya chai ilipofika, akaona njia salama ni kulikalia. Mtu mzima, kikombe mkononi, ametulia juu ya mabeseni kama kuku anayeatamia.

Mara msimamizi wa zamu akaja, uso umemsawijika. Akawaambia wafanyakazi wote kwamba lori la malighafi limeharibika njiani, punje zimekwisha, na gari la mteja liko getini linasubiri mzigo. Kisha akauliza, "Nani ana mabovu?"

 Mama aliamini anatafutwa mtu wa kufukuzwa. "Mimi sina, bosi," akasema, akajikaza palepale.

Ajabu ni wenzake. Mmoja alileta kiroba cha mabovu yake, mwingine akaleta chake huku anacheka, wakayamwaga mbele ya msimamizi bila aibu. Msimamizi akayatazama, akatikisa kichwa. Akasema hayatoshi, itabidi zamu nzima irudi nyumbani, na siku hiyo hakuna malipo. Wenzake wakaanza kuvua aproni. Niambieni, ninyi mngefanyaje? Akiendelea kukaa, kibarua chake kiko salama na wenzake wanakosa cha siku. Akiinuka, anaumbuka.

Mama akaweka kikombe chini, akainuka. Rundo likaporomoka, mabeseni yakabingirika hadi miguuni kwa msimamizi.

"Nisamehe, bosi," akasema. "Yapo. Nimeyakalia. Nilijua kilichoharibika motoni hakirudi."

Msimamizi akaokota moja, akaligeuzageuza, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mama, hapa hatuchomi," akasema. "Hapa tunayeyusha."

Wakayapeleka kwenye mashine ya kusagia. Ikayatafuna yote kwa kelele, zikatoka punje. Punje zikarudi kwenye mashine ileile ya mama, fundi alikuwa ameshalirekebisha joto, na mlango ulipofunguliwa likatoka beseni zima, la kijani, linang'aa. Kina mama wakapiga vigelegele kiwanda kizima. Gari la mteja likajaa, na hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Ndugu zangu, sisi tunamwendea Mungu kifinyanzi. Tunadhani lililoharibika ndiyo basi, kwa hiyo tunalifunika, tunalikalia, tena tunaimba pambio juu yake. Naye anapita katikati yetu akiuliza nani ana mabovu, nasi tunajibu kwa adabu zote kwamba hatuna, tukidhani anatafuta wa kumfukuza. Kumbe anatafuta malighafi. Yule dada yako ambaye hamsemeshani tangu msiba wa baba yenu, yale maneno uliyomtupia mkeo, hayo hayo ndiyo anayoyataka mkononi mwake, na ana haraka nayo, maana kuna watu getini wanasubiri beseni litakalotoka humo.

Wewe wa benchi la nyuma, nakuona umetulia sana leo. Umekalia nini?

Haya, tusimame tuombe.