Mvua Nyekundu Ukutani mwa Msikiti

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia ya kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya Yemen, palikuwa na mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Unaisa. Mumewe, Dhakwan, alikwenda kuhiji na msafara wa watu wa mji ule. Misafara mingine ikarudi. Wao hawakurudi, wala habari yao haikuja, na miaka ikapita.

Alhamisi moja ya kiangazi, baada ya Alasiri, wingu dogo lilisimama juu ya mji, likamwaga mvua ambayo haikuwa ya msimu wake. Ilipokatika, watu waliotoka msikitini waliona ukuta mweupe umechirizika wekundu tangu juu hadi chini.

"Damu! Mbingu zimenyesha damu!"

Wazee walikuwa wamesikia habari za mvua za ajabu, za udongo na za vyura, lakini hii waliifasiri mara moja: mahujaji wao wameuawa njiani. Imamu, Sheikh Mundhir, ambaye mwanawe alikuwamo msafarani, alitangaza huku akilia kwamba kesho baada ya swala ya Ijumaa watawasalia maiti wao swala ya ghaibu, ya wafu wasiokuwapo, na wake zao waingie eda.

Jirani wa Unaisa, Bi Thuwaiba, alimjia mlangoni. "Vua bangili, mwanangu. Umengoja mpaka mbingu zimekuonea haya."

Unaisa alipanda juu ya paa lake, lililopakana na msikiti. Bakuli lake pana la hina lilikuwa limejaa maji ya mvua na kufurika, na wekundu wake ulikuwa umefuata mchirizi hadi ukutani. Hakuna aliyeifikiria hina. Hina hukorogwa kwa arusi au kwa kumpokea msafiri. Mtaani hapakuwa na arusi, na msafiri hakuna aliyemngoja tena.

Aliketi kando ya bakuli. Akisema, watamcheka. Na akinyamaza? Atalia hadharani kama wajane wengine, kisha atapumzika. Subhanallah, alikuwa amechoka kusikiliza kila mlio wa kwato unaopita kichochoroni. Kunyamaza kulimjia kitamu kama usingizi.

Siku ya pili, Sheikh Mundhir alipowapanga watu safu kwa swala ya ghaibu, sauti ndogo ilitoka nyuma ya pazia la wanawake.

"Sheikh, msiwasalie. Ile si damu. Ni hina yangu."

"Hina!" Bi Thuwaiba akaguna. "Bibi arusi wetu huyo!"

"Ya arusi ya nani, mama?" Sheikh akauliza.

"Ya Dhakwan. Alipoondoka aliniambia, 'Nikirudi nisikukute mikono mitupu.' Kila mwezi wa kurudi mahujaji naikoroga. Sijaipaka hata mara moja. Ikikauka naimwaga."

Bi Thuwaiba aliitazama mikono ya Unaisa, myeupe hadi vidoleni.

Sheikh Mundhir akageuka kutoka kibla. "Astaghfirullah. Niliogopa kwa ajili ya mwanangu, nikaisemea mbingu neno isilolisema. Nendeni majumbani. Mtu hasaliwi maiti kwa hina."

Inasemekana kwamba kesho yake asubuhi, wake wa msafara ule walipanda mapaani mwao, kila mmoja na bakuli lake. Bi Thuwaiba ndiye aliyewasagia majani ya hina, akinung'unika kwamba mawe yao ni butu.

Wasimulizi wamehitilafiana kama Dhakwan alirudi. Wengine wamesema alirudi mzee, akiongozwa mkono. Wengine wamesema Unaisa alifariki kabla ya habari kufika, nao wanawake waliomkosha wakaikuta mikono yake ingali mitupu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Enyi waumini, kuna saa ambayo uongo hutuahidi mapumziko, na ukweli huturudisha tu mlangoni, kungoja. Unaisa alirudi mlangoni. Mola atujaalie tunaowangojea, na asituache tuwazike kwa kuchoka kwetu.