Faili la Mzee Senzota

"Faili halizibui mfereji." Mmeisikia kauli hiyo leo mkutanini, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilikotoka. Ilianza hapa hapa Kirumbi, nami nilikuwapo. Faili lenyewe nililichapa mimi, kwa vidole hivi.

Siku hizo nilikuwa karani wa mradi wa maji, msichana mwenye maringo ya taipureta. Mfereji wetu ulianzia chemchemi ya juu, ukapita msituni na chini ya miamba, ndipo ukashuka mashambani. Mlinzi wake alikuwa Mzee Senzota. Kila msimu, kabla ya kupanda mbegu, aliutembea wote, na vijana watatu walimfuata na majembe. Hakuwa msemaji. Ukiondoa jiwe lisilopaswa kuondolewa, alilirudisha kimya, nawe ukaanza upya. Sisi wasichana tuliwapelekea makande huko juu. Nazikumbuka safari zile kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, marehemu mume wangu anisamehe.

Kisha akaja Bwana Torben, mtaalamu wa wafadhili, mtu mwema kabisa. Akasema mradi unataka usimamizi wa maarifa. Wazee wakafurahi, wakidhani ataongeza vijana wa kumfuata Mzee. Kumbe mwenzao alikuwa na maana ya kuandika. Mzee akaketishwa ofisini siku tisa, akaulizwa, akajibu, nami nikachapa kurasa mia na kumi. Faili likafungiwa kabatini. Vijana wakaambiwa hawana haja tena ya kupanda mlimani, na Mzee apumzike. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Miaka mitatu ikapita, magoti ya Mzee yakaisha nguvu. Mwaka wa nne, mahindi yakitoa mbelewele, maji yakakatika. Siku ya tano majani yalianza kujikunja, na kila mama alijua watoto wake watakula nini mwaka huo: hakuna.

Nikafungua kabati, nikapanda mlimani na vijana, faili kifuani. Ukurasa wa arobaini na mbili ulisema: "Maji yakipotea chini ya miamba, chimbeni pale yanapolia." Tukasikiliza. Msitu mzima ulikuwa na mlio wa maji. Tulichimba mashimo saba, tukarudi na matope tu.

Kesho yake tukambeba Mzee kwa machela, na Bwana Torben akashika mpini mmoja. Kwenye miamba Mzee akaomba alazwe chini, sikio ardhini. Akasogezwa mara mbili, mara tatu. Kisha akaniita.

"Nakijwa, weka sikio hapa. Unasikia nini?"

"Maji, babu."

"Maji gani?"

"Maji tu."

"Basi lala hapo mpaka uyasikie mawili."

Nililala hadi ubavu ukafa ganzi. Mwishowe nikayasikia: mengine yalipita, na mengine yalikuwa yakigugumia, kama mtoto anayepaliwa na uji. Vijana nao wakalala, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akasikia. Ndipo akaturuhusu kuchimba. Tukakuta mizizi imeshikamana kama nywele. Kabla ya alasiri maji yalikuwa yanateremka, na mimi nililia bila aibu.

Bwana Torben alikuwa amechuchumaa, matope hadi magotini. "Mzee, mbona hukutuambia hili ofisini?"

"Ofisini hapakuwa na maji, bwana."

Kisha akalitazama faili langu, akatabasamu. "Faili halizibui mfereji, mwanangu. Lakini usilitupe. Umelichapa vizuri."

Tuliokoa nusu ya mahindi. Mzee hakuuona msimu uliofuata, na hadi leo nikipita pale miambani husimama kidogo, nikingoja aniulize ni maji gani. Faili bado liko kabatini; tangu siku ile hakuna aliyelifungua.

Nanyi mmekuja na mradi wenu mpya, mnataka niketi kitini niwasimulie huku mkinirekodi. Sawa, wajukuu zangu, nitasimulia. Lakini kesho asubuhi tunapanda mlimani, majembe mkononi, na simu mtaziacha hapa mezani. Faili halizibui mfereji.