Jivu la Vuai

Hata kahawa haijanishuka mshanijia. Bibi hadithi, bibi hadithi. Mie nimekuwa redio? Haya, kaeni. Na wewe, toa kidole puani.

Hapo kale, meli zikila makaa na Wazungu wakilana wenyewe kwa wenyewe, alikuwako Vuai wa Makunduchi. Kazi yake kuchochea moto ndani ya tumbo la meli ya shehena. Kule chini hakuna jua, hakuna upepo. Koleo linaingia, koleo linatoka. Watu tele, wa kusema naye hana. Huyu Mhindi, yule Myemeni, huyu hata hajulikani. Alikuwa naye mmoja tu, Mcha, mtoto wa jirani yake Bi Mize.

Na wakati ule wa vita kulikuwa na sheria: jivu la tanuri halimwagwi baharini mpaka jua lizame. Mchana huelea, likafanya mkia nyuma ya meli, na nyambizi za adui zikaufuata. Basi hurundikwa mle mle, watu wakakohoa mpaka mbavu zikauma.

Alasiri moja Vuai akachoka. Akajaza ndoo.

"Jua halijazama," Mcha akamwambia.

"Bahari yote hii, nani atakaa kutazama jivu? Adui hana kazi?"

"We Vuai, ngoja."

"Ngoja wewe. Nishikie koleo langu, nikapunge upepo."

Akapanda, akamwaga. Akamwaga, akamwaga. Mkia ukanyooka nyuma kama njia ya shamba. Naye akakaa juu anapunga upepo wake. Jua halijazama, topido la nyambizi likapiga kule chini, alikokuwa Mcha na koleo la mwenziwe.

Meli ikazama, Vuai akaokotwa majini. Akapakiwa meli nyingine, na humo hakuwamo hata mmoja wa kumjibu. Akawa anazungumza na koleo. Msicheke.

Vita vikaisha, akarudi. Akamkuta Bi Mize hajamsomea mwanawe hitima. "Sijaona maiti, sijaona kaburi," anasema, na kila mlo anamwekea Mcha sahani. Vuai angeweza kusema ni amri ya Mungu, akaenda zake. Lakini sahani ile aliiona.

"Mama, Mcha hayupo. Nilimwaga jivu mchana. Alinikataza, akaniambia jua halijazama."

Bi Mize akainuka. Akaiondoa sahani. "Hitima Ijumaa," akasema. "Na jivu la jiko langu utalizoa wewe."

Basi, wajukuu zangu, sheria za chomboni walizitunga waliozama. Msiombe kuwafuata huko kuwauliza maana. Kisa kimefika gatini, kamba nimefunga.

Nini tena? Alilipa nini?

Kila alasiri Vuai alikwenda, akazoa jivu, akasimama nalo uani, ndoo mkononi, angoja kuruhusiwa kumwaga. Bi Mize kakaa mlangoni. Hakumpa salamu, hakumpa tusi. Mpaka siku aliyokufa bibi yule, neno lake kwa Vuai lilikuwa hilo hilo moja:

"Jua halijazama."