Pale pa Simba

Neno "ila" lina sura mbili. Kuna ila ya kubagua, na kuna ila yenye maana ya dosari. Wahenga waliposema kizuri hakikosi ila, walimaanisha hii ya pili: hakuna chema kisicho na kasoro yake, na anayengoja kisicho na doa atazeeka mikono mitupu. Wengi huitumia methali hii kumfariji jirani aliyeoa mke mkali. Mwalimu Careen aliijua tangu shule ya msingi, ila hakudhani hata siku moja kwamba ilikuwa ikimsema yeye.

Careen alikuwa mwalimu wa kompyuta mjini Kasulu, mzaliwa wa Moshi, mwanamke anayejiamini na mwenye sikio lisilolala. Uraibu wake ulikuwa mmoja tu: kukusanya santuri kubwa za muziki wa miaka ya themanini, ule wa magitaa ya umeme na vinanda vya kizungu. Hakuzitaka santuri za kawaida. Alitaka zile zenye wimbo mmoja ulionyooshwa, ambamo ngoma huachwa peke yake kitambo kirefu ili wachezaji wasikimbilie viti. Aliziosha, akazipiga, akazinasa kwenye kompyuta, kisha akaketi kuondoa mkwaruzo mmoja baada ya mwingine kama mtu achaguaye maharage. "Mimi sibakizi hata punje ya mchanga," alipenda kujigamba, na kweli hakubakiza.

Siku moja alisikia habari za Mzee Obedi wa Murungu, wilayani Kibondo. Ujanani mzee huyo alikuwa mpiga santuri katika ukumbi wa vijana, na binamu yake, dereva wa malori, alikuwa akimletea santuri kutoka Bujumbura. Careen alipofika kwake na kufunguliwa sanduku la mbao lililojaa santuri hizo, moyo ulimpaa. Zilikuwa zote ndefu, zote za themanini, nyingine hajawahi kuziona hata kwenye picha.

Hata hivyo hakuwa peke yake aliyezimezea mate. Athuman, mfanyabiashara wa mapambo, alizitaka azitoboe na kuzigeuza saa za ukutani. Mzee Obedi na mkewe Theodosia walikuwa wakihamia kwa binti yao, chumba kimoja tu, na sanduku halikuwa na pa kukaa.

"Mwalimu," Mzee Obedi alisema, akachomoa santuri moja iliyochakaa kuliko zote. "Huu ni wimbo wetu, mimi na mama huyu. Gramafoni yangu ilikufa zamani, hatujausikia miaka mingi. Jumamosi ni jubilei ya ndoa yetu. Nifufulie. Ukiufufua, sanduku ni lako. Ukishindwa, Athuman achukue, maana mimi sitaki kufuga maiti ndani ya nyumba."

"Utausikia kama umetoka dukani leo, Mzee."

"Basi safisha. Lakini pale pa simba usipaguse. Pale pa simba ndipo penyewe."

Careen aliitikia kwa kichwa. Kuuliza aliona haya, kwa kuwa mtaalamu akiuliza sana hushukiwa. Akajisemea kwamba simba akinguruma hafichiki.

Na kweli hakufichika. Chini ya ngoma ulisikika mngurumo mzito, unapanda na kushuka. "Huyu hapa," Careen akacheka peke yake. Akamwacha simba wake angurume hadi mwisho wa wimbo. Kisha akaligeukia tatizo kubwa. Katikati ya wimbo santuri ilikuwa na jeraha refu, na kila sindano ilipofika hapo iliruka, ngoma zikakatika ghafla na kiitikio kikaingia kabla ya zamu yake. Fundi mwingine angenyoosha mikono. Careen aliizungusha santuri polepole, akaiongoza sindano kwa ncha ya kidole hadi ikavuka jeraha bila kuruka, kisha akaurudisha mwendo wa wimbo kwenye kompyuta. Sauti zilizopotea zikarudi, akazishona mahali pake, na mshono haukuonekana. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alijipongeza, na alistahili.

Jumamosi ukumbi wa kanisa la Murungu ulijaa pomoni. Wali ukaliwa, hotuba zikachosha watu, kisha Careen akaunganisha kompyuta na spika. Wimbo ulipoanza, wazee walioingia wakichechemea walisimama kama walioitwa majina. Mzee Obedi alimshika mkewe mkono. Athuman, aliyekuja kujua hatima ya saa zake, alianza kutikisa bega bila kupenda. Ngoma zikabaki peke yake, zikalia, zikalia, na mara wazee wote wakaruka juu kwa pamoja.

Walitua vibaya. Ngoma zilikuwa bado zinaendelea, safi, timilifu, bila haraka. Huyu alimkanyaga yule, yule akamshikilia huyu, na Bibi Theodosia nusura aanguke. Walisimama wakatazamana kama abiria walioteremshwa njiani. Mzee Obedi alimwachia mkewe mkono.

"Huu si wimbo wetu," alisema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Careen zaidi. "Ni mzuri, mwalimu, lakini si wetu. Athuman, njoo kesho asubuhi."

"Bibi, nimekosea wapi?" Careen alimuuliza Theodosia. "Simba nimemwacha! Si huyo anayenguruma?"

Bibi Theodosia alimtazama, akatega sikio, kisha akaangua kicheko hadi akatafuta kiti. "Ayii, mwanangu! Huyo ni mota ya gramafoni yako mbovu! Kwa lugha yetu ya huku *gusimba* ni kuruka. *Simba* maana yake ruka!"

"Santuri ilikwaruzwa wiki ileile ilipofika," Mzee Obedi akaongeza. "Nililia kama nimefiwa. Kisha tukajifunza. Sindano ikikaribia, mimi nilikuwa napiga kelele, 'Simba!' na ukumbi mzima unaruka nayo. Huyu mama aliruka akatua kifuani kwangu. Ndiyo posa yenyewe hiyo, hakuna nyingine."

Aibu ilimpanda Careen hadi masikioni. Alitazama kwenye kioo cha kompyuta kipande alichokishona, kazi ambayo angejivunia mbele ya fundi yeyote duniani, na ilimuuma kama kung'olewa jino. Hata hivyo mikono yake haikusita.

"Mzee, usimwite Athuman bado. Maliza soda yako kwanza."

Kabla chupa haijakauka, alikuwa amekikata kipande kile chote, ngoma zikakatika tena ghafla kama zamani. Akabonyeza. Wazee wakaingia uwanjani kwa wasiwasi, ngoma zikabaki peke yake, na Mzee Obedi akavuta pumzi.

"Simba!"

Wimbo ukaruka, na ukumbi ukaruka nao. Magoti mabovu yaliruka, vitambi viliruka, Athuman aliruka akiwa amechelewa, na Bibi Theodosia, aliyeruka kimo cha kandambili tu, alitua kifuani kwa mumewe, kiitikio kikawapokea wote wawili. Wazee walipiga vigelegele huku wengine wakilia waziwazi.

"Mwalimu, leta gari lako mlangoni, sanduku ni zito," Mzee Obedi alisema akihema. "Na huo mngurumo utoe, unatuharibia muziki."

Careen alicheka na machozi yakimtoka. Tangu siku ile hakuacha kusafisha santuri, na hakuna aliyemzidi, lakini kabla ya kuondoa doa lolote alimuuliza kwanza mwenye wimbo, kwani aliyaona kwa macho yake yale waliyoyasema wahenga: kizuri hakikosi ila.