Mgeni wa Goti la Kifaru

Hapo zamani za kale, ninyi mkiwa bado hamjafikiriwa, wanyama walijenga nyumba, walilima, na asubuhi waliamkiana mlango kwa mlango. Ee, ulikuwa ulimwengu mtamu ule! Msinicheke, najua ninachosema.

Kule kwenye majabali alikaa Bi Pimbi. Umbo lake lingeenea ndani ya kikapu cha mayai, lakini ndiye aliyekuwa na duka la dawa.

Asubuhi moja, du! du! du! Makopo yakacheza rafuni. Mlangoni ikaingia pembe kwanza.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee Kifaru. Pembe imeshakaribia, bado wewe."

Kifaru hakucheka. Goti lake lilikuwa limevimba, jekundu, lina moto. Mkononi alishika njuga kuukuu, na Bi Pimbi akazitambua. Zilikuwa njuga za marehemu Nyati.

Jamani, mliwakosa wale wawili! Kifaru na Nyati wakicheza ngoma ya mavuno, vumbi lilipanda mpaka ndege wakapiga chafya. Bi Pimbi alikuwa kigoli wakati huo, akiwachungulia kutoka jiwe la juu. Mpaka uzeeni, akisikia harufu ya mtama mpya, huzisikia zile njuga: chwa! chwa! chwa! Na huwa anatamani siku zile zirudi, hata moja tu.

"Kesho ni ngoma," alisema Kifaru. "Nitavaa hizi, nicheze zamu yangu na ya mwenzangu, niagane naye. Nipe vidonge vya maumivu, kopo zima! Nimeze konzi hapa hapa, hata uji sijanywa."

Maneno hayo hayo ya kopo zima aliyasema Nyati mwaka uliopita, amesimama pale pale. Naye Bi Pimbi alimweleza ukweli wote: vidonge hivi ukivimeza ovyo vitakuchubua tumbo. Nyati akacheka, "Tumbo hili? Linasaga miba!" Akameza wiki nzima, vyekundu vya hapa na vyeupe vya duka la kijiji cha pili, tena na njaa. Siku ya nane akatapika damu. Siku ya tisa wakamzika.

"Na huyu nikimwambia ukweli nitamzika," aliwaza Bi Pimbi. "Labda nimwingie kwa adabu ya wageni." Maana Kifaru, pamoja na ubishi wake wote, hakuwa na mfano kwa kukirimu wageni. Hata siafu wakikatiza uani kwake aliwapisha na kuwauliza habari za safari.

Basi akashusha sauti. "Mzee, hiki unachokiona si kidonge. Ni mgeni. Tena mgeni mwenye makuu!"

"Mgeni?" Masikio ya Kifaru yakasimama.

"Haingii nyumba isiyopikwa chakula. Akikuta tumbo tupu, hugeuka akaenda zake na uganga wake."

"La hasha! Kwangu mimi mgeni alale njaa?"

"Basi kula kwanza, ushibe. Na maji umpe kwa wingi. Aingie mmoja asubuhi, mmoja jioni. Wakija kundi watagombania kitanda. Na ndugu yake wa rangi nyingine asimkute humo, watatoana macho! Haya, anataka kujua: nyumba haina ufa? Una vidonda vya tumbo? Figo? Unatumia dawa nyingine?"

"Sina vidonda. Figo nzima. Dawa nyingine hakuna. Atakaa siku ngapi?"

"Mtu mzima unaniuliza? Mgeni siku mbili..."

"Siku ya tatu mpe jembe!" Kifaru alimalizia, akajiona mwerevu kweli kweli.

Bi Pimbi akamfungia vidonge vinne kwenye karatasi.

"Vinne tu?"

"Ukialika wengi utawalaza wapi?"

Kesho yake Bi Pimbi alikaa juu ya lile jiwe lake la zamani. Kifaru alikuja ameshiba ugali, goti limenywea. Chwa! chwa! chwa! Alicheza zamu yake. Kisha akahamia upande wa Nyati, ambao tangu mwanzo wachezaji walikuwa wameuacha wazi, akacheza na huko. Bi Pimbi alilia, wala hakujificha.

Siku ya tatu, du! du! du! Kifaru mlangoni, jembe begani, amefura.

"Bi Pimbi! Mgeni wako hana haya! Tangu alfajiri namwonyesha jembe, namwambia, 'Toka tukalime!' Kimya! Mke wangu amecheka mpaka kakaa chini. Anasema kidonge hakilimi. Umenidanganya?"

Pembe ilikuwa karibu kumgusa pua. Bi Pimbi akaisogeza kando.

"Nimekudanganya, Mzee. Sasa sikia kweli. Goti likiumia, mwili hutengeneza kitu cha kupiga mbiu: 'Jamani, huku kumeharibika!' Ndicho kinacholeta uvimbe, joto na maumivu. Kidonge hukizuia kisitengenezwe. Lakini kitu hicho hicho ndicho kinacholipaka tumbo ute, lisiunguzwe na asidi yake lenyewe, na ndicho kinachosaidia damu ifike kwenye figo. Kidonge hakijui kuchagua. Kinapoondoa mbiu gotini, na tumbo linakosa ute wake. Ukila kwanza unapunguza mchubuko, lakini ukizidisha, hata sufuria zima la ugali halikuokoi. Nyati nilimweleza hivi hivi."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Kifaru akashusha jembe.

"Na mimi ningecheka," alisema. "Ungeniambia hayo juzi, ningecheka, na leo mngekuwa mnanichimbia."

"Goti bado linauma?"

"Kidogo."

"Basi kazi ya vidonge vyangu imekwisha. Nenda hospitali wakalitazame."

"Nitakwenda. Ila jembe nimeshalibeba."

Akateremka majabali taratibu, akapita njia ya makaburini. Siku ile alipalilia kaburi la Nyati mpaka likang'aa, na njuga akazitundika juu yake, upepo uzichezeshe.

Nanyi shikeni hili: dawa ni mgeni, mkirimu kwa kiasi na umuage mapema.